Mawe Matatu na Madumu ya Njano

Shuka lilikuwa la bweni la wasichana, jeupe, lenye kiraka kwenye pembe ya chini. Tulilitundika kwenye ukuta wa bwalo kwa misumari minne. Projekta ikakaa juu ya meza ya kugawia chakula, kompyuta mpakato juu ya ndoo iliyogeuzwa. Spika sikuileta. Mama wa jikoni, aliyekuwa anamalizia kusugua masufuria, aliniuliza, "Mwalimu, sinema bila sauti hawa wataelewa nini?" Kabla sijamjibu alikwisha kuvuta benchi na kukaa pamoja nasi.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka 2022. Nilikuwa nimetimiza miaka minne tangu nihamishiwe shule hiyo ya bweni ya watoto viziwi, na nilikuwa na deni la kulipa. Mwaka uliotangulia niliwaandalia wanafunzi mchezo wa kuigiza wa mahafali. Mimi ni mtu wa jukwaa tangu sekondari, na michezo niliyokulia ni ile ambayo utamu wake uko mdomoni: majibizano, mafumbo, mama mkwe anayemjibu mkwewe kwa methali tatu mfululizo. Nikachukua mchezo wa namna hiyo, nikaugeuza neno kwa neno kuwa lugha ya alama, nikawapanga watoto mstari mmoja mbele ya wazazi. Walikosea kidogo mno. Lakini ukumbi haukucheka, na wao wenyewe walikuwa kama watu wanaosoma hotuba kwa mikono. Usiku ule msichana wa darasa la sita, ambaye jina lake la alama, yaani ishara tunayomwitia, ni kidole kinachobonyeza kishimo cha shavu, alinifuata nje ya bwalo akaniambia: "Ule mchezo ni wa masikio."

Niliumia, kwa sababu alisema kweli na nilikuwa nimejitahidi sana.

Mwaka mzima nikawa natafuta mchezo wa macho. Ndivyo nilivyofika kwenye filamu za kimya, na hatimaye kwenye moja iliyonivuta kuliko nyingine kwa sababu nayo ilianza kama mchezo wa masikio. Inaitwa Seven Chances, ya Buster Keaton, mchekeshaji wa Kimarekani aliyeigiza na kuongoza filamu zake, mwaka 1925. Haki zake kule Marekani zilikwisha mwanzoni mwa 2021, hivyo mtu anaweza kuipakua bila kumdhulumu yeyote. Haifiki hata saa nzima.

Kabla ya kuwa filamu ilikuwa tamthilia ya Roi Cooper Megrue, iliyoonyeshwa Broadway, New York, mwaka 1916 chini ya David Belasco, mtayarishaji aliyekuwa na jina kubwa zama hizo. Joseph Schenck, aliyekuwa akigharamia filamu za Keaton, alinunua haki za tamthilia hiyo. Keaton mwenyewe hakuipenda. Lakini imekwisha kununuliwa, ikabidi aifanyie kazi. Jambo hilo lilinipa moyo kuliko kitu kingine chochote nilichosoma kumhusu: kumbe naye alikabidhiwa mchezo uliojaa maneno, na mikononi hakuwa na sauti.

Kisa chenyewe ni chepesi. Kijana Jimmie Shannon ana madeni yanayoweza kumtia matatani. Anakuja mwanasheria mzee na wosia wa babu yake: atarithi dola milioni 7 ikiwa atakuwa ameoa kabla ya saa moja jioni siku anayotimiza miaka 27. Siku yenyewe ni leo. Anampenda msichana mmoja, Mary, lakini posa anaiharibu kwa mdomo wake, na binti anakasirika. Mshirika wake anamwandikia orodha ya wanawake saba wanaowafahamu, walioko klabuni siku hiyo. Ndiyo hizo nafasi saba. Wote wanakataa. Basi mshirika anapeleka tangazo gazetini, na jioni kanisani wanafika mamia ya wanawake waliojifunika shela, wengine shela za mapazia na vitambaa vya meza.

Hapa kuna kitu ambacho sisi wasema Kiswahili tunaweza kukipoteza. Namba 7 inajirudia makusudi: milioni 7, wanawake 7, miaka 27, na saa yao ya saba ya jioni. Ukitafsiri vizuri inakuwa saa moja, na ile saba ya mwisho inapotea. Watoto wangu haikuwapotea. Waliitazama saa ukutani, wakaona mshale mfupi unaelekea kwenye 7, na wakawa wanainua vidole saba kila inapotokea.

Nilijiandaa kutafsiri. Filamu ya kimya ina maandishi yanayokatiza picha, ya Kiingereza, na wengi wa wanafunzi wangu Kiingereza walikijua kwa maneno machache ya ubaoni. Tena asiyefundisha viziwi huenda asijue kwamba giza ni adui. Ukizima taa ili picha ionekane, umezima na mazungumzo. Kwa hiyo nilisimama kando ya shuka, taa ndogo ya sola ikinimulika kifua na mikono, na kila maandishi yalipotokea nikawa ninayatia alama.

Dakika kumi za mwanzo walinitazama mimi. Filamu inaanza kwa rangi, kitu kilichokuwa cha gharama na kipya wakati ule, halafu rangi inaondoka. Majira yanapita mbele ya lango la nyumba moja: kiangazi, majani kuanguka, theluji, maua. Kila mara Jimmie anataka kumwambia Mary kwamba anampenda na anashindwa. Wakati huohuo mtoto wa mbwa aliye karibu nao anazidi kuwa mkubwa. Nilipoanza kueleza, kijana mwenye kovu juu ya jicho, ambalo ndilo jina lake, alinipungia mkono nisogee. Nikadhani namzibia picha, nikasogea. Akapunga tena: hapana, acha. "Mbwa amekua," akasema. "Yeye bado hajasema." Alikuwa ameeleza kile nilichokuwa ninakihangaikia kwa alama kumi na tano.

Kuanzia hapo nikafanya jambo ambalo mwalimu hulifanya kwa shida. Nikazima taa yangu, nikaketi kando, nikawatazama wao badala ya shuka.

Niliyoyaona katika nyuso zao yamenifundisha kuhusu filamu ile kuliko maandishi yote niliyosoma. Ilipofika posa ya Mary walipotea kabisa. Ikabidi niiwashe taa na kueleza, maana kosa la Jimmie ni la maneno: anamwambia kwamba ni lazima aoe msichana fulani leo, yeyote yule, ndipo apate pesa. Binti anasikia "yeyote". Kosa la namna hiyo ni la tamthilia, halina mwili. Wasichana walipoelewa walikuwa na swali jingine kabisa: mshenga yuko wapi, na mahari nani amepanga? Tulisimamisha filamu tukazungumza. Mmoja akasema huyo kijana angekuwa na shangazi wa kumtuma, yasingemkuta hayo yote. Sikuwa na la kumpinga.

Halafu tukaingia klabuni, na sikuhitajika tena. Jimmie anamtupia mwanamke aliye roshani ya juu karatasi yenye posa. Dakika haijapita, vipande vya karatasi vinamshukia kichwani kama theluji. Bwalo likapasuka kwa kicheko. Anapanda ngazi akimbembeleza mmoja, anakataliwa, anateremka ngazi zilezile akimbembeleza mwingine. Msichana anayepokea kofia mlangoni anatikisa kichwa kukataa hata kabla hajaulizwa, na watoto wakakitikisa pamoja naye. Baadaye anaingia kwa fundi saa ili ajue amebakiza muda gani, na kila saa dukani inasema lake. Hilo la saa walitaka kuliona mara ya pili, na mara ya tatu.

Nikaanza kuelewa kitu ambacho mtu anayesikia anaweza kuitazama filamu ile mara nyingi asikione. Ukiitazama kwa macho ya watoto wale, inagawanyika vipande viwili, na mshono unaonekana. Popote waliponigeukia mimi, palikuwa ni tamthilia ya Megrue inazungumza. Popote waliponisahau, palikuwa ni Keaton. Kadiri filamu inavyokwenda, tamthilia inapungua na Keaton anazidi, mpaka sehemu ya mwisho ambayo haikuwa jukwaani hata kidogo.

Kulikuwa na shida moja, nayo ni uso wake. Katika lugha ya alama uso haupambi maneno, uso ni sehemu ya sarufi. Nyusi, macho, mashavu na midomo ndivyo vinavyosema kama hili ni swali au agizo, kama kitu ni kidogo au kikubwa mno. Mtoto kiziwi akizungumza nawe na uso umelala, ni sawa na mtu anayekusomea namba za simu. Na Keaton, uso wake haucheki, haulii, haushangai. Alizaliwa mwaka 1895 kwa wazazi waigizaji wa majukwaa ya burudani, akapandishwa jukwaani angali mdogo sana, baba yake akimrusha huku na huku kama mzigo. Alisema mwenyewe kwamba aligundua utotoni kuwa akitabasamu watazamaji hawacheki, basi akaacha. Wamarekani wakamwita uso wa jiwe.

"Huyu mtu hasemi kitu," akalalamika yule wa kishimo cha shavu, mapema kabisa. Nami sikuwa na jibu. Lakini nusu saa baadaye alinigusa bega, akanionyesha mgongo wa Jimmie. Alikuwa ameketi benchi la mbele kanisani, peke yake, anasubiri mwanamke yeyote aje, amelala. Nyuma yake wanawake wanaingia, mmoja, wawili, kumi, wengine kwa viatu vya magurudumu, kanisa linajaa mpaka milangoni. Unachokiona cha Jimmie ni kisogo na mabega tu. "Anasema kwa mgongo," akaniambia msichana yule. Kisha akaanza kunihesabia: kofia inasema, magoti yanasema, mwendo unasema. Uso wake, akasema, ni ukuta mweupe kama lile shuka, na mengine yote yanaonekana kwa sababu yeye ametulia.

Nimefundisha uigizaji kwa miaka, sijawahi kulisema vizuri hivyo.

Kuna sehemu ambayo nilikuwa nimeifikiria tangu mwanzo kama niiruke. Mary anapotambua ukweli anamtuma mtumishi wa shamba ampelekee Jimmie ujumbe kwa farasi. Mtumishi huyo ni Mweusi mzembe, mzito, anayechekwa kwa uzito wake. Na anayemwigiza ni Mzungu aliyepakwa rangi nyeusi usoni. Kuna pia mahali Jimmie anamkimbilia mwanamke barabarani ili amwombe ndoa, anamfikia, anaona ni Mweusi, anageuka zake. Niliziacha zote mbili. Nilijiambia kwamba nikizikata nitakuwa nawaonyesha filamu ambayo Keaton hakuitengeneza.

Kijana wa kovu akaona kabla ya mtu mwingine yeyote. Watoto hawa husoma ngozi na misuli ya uso siku nzima, hawadanganyiki. "Yule amepakwa masizi. Kwa nini?" Nikasimamisha, nikawasha taa za bwalo zote. Niliwaeleza kwamba kule Marekani, tangu karne ya kumi na tisa, Wazungu walikuwa wakijipaka kizibo kilichochomwa usoni na kupanda jukwaani kuwaigiza Weusi kama wajinga, na watu walilipa kuona. Kwamba majukwaa aliyokulia Keaton yalikuwa na mambo hayo, na akayaingiza katika filamu bila kuona kosa. Nilidhani tutazungumza habari za rangi. Kijana yule akafikiri kidogo, akasema: "Ni kama wale wa kwenye televisheni wanaotuigiza sisi. Wanatoa sauti kwa mdomo na kurusha mikono ovyo, watu wanacheka." Akaonyesha jinsi wanavyofanya. Hakuna aliyecheka bwaloni. Nimeipenda filamu hii sana na bado naipenda, ila sehemu hizo nikizifikia huwa naona uso wa kijana yule akionyesha.

Tuliendelea, kwa sababu wao ndio walioomba tuendelee.

Mbio sasa. Kundi la maharusi linamfukuza Jimmie mjini. Wanapita kwenye ukuta unaojengwa, kila mmoja anachukua tofali, na wakishapita hakuna ukuta. Wanaingia uwanjani ambamo wanaume wanacheza mpira wao wa Kimarekani, wanawaacha wamelala chini. Halafu Jimmie anafika mlimani, anaanza kuteremka, na mawe yanaanza kumfuata. Madogo kwanza. Kisha makubwa. Kisha makubwa kumpita yeye, yanadunda, yanamkosa kwa kiganja, yeye anaruka, anachepuka, anarudi juu, na chini maharusi wanamngoja. Mama wa jikoni alikuwa amesimama. Watoto wadogo walikuwa wanapiga sakafu kwa miguu, bwalo zima likawa linatetemeka.

Filamu ilipokwisha, na Jimmie amefika kwa Mary, saa ya kanisa ikithibitisha kwamba muda haujapita, niliwasimulia habari ya mawe hayo. Hayakuwamo katika tamthilia, wala katika mpango wa kwanza wa Keaton. Alipomaliza kupiga picha aliionyesha kwa watazamaji wa majaribio, kama ilivyokuwa desturi yake, na mwisho haukuwachekesha. Isipokuwa mahali pamoja. Alipokuwa anateremka kilima alikuwa amegusa mawe matatu kwa bahati mbaya, yakabiringika nyuma yake, na watu wakaangua kicheko ambacho hakukitarajia. Angeweza kukipuuza. Badala yake alirudi kutazama picha polepole mpaka akaona ni nini kilichowachekesha, kisha akaagiza yatengenezwe mawe bandia mengi, mepesi, mengine marefu kuliko mtu, akarudi mlimani na kupiga upya. Sehemu inayokumbukwa kuliko zote katika filamu ile ilianza kwa mawe matatu ambayo hakuna aliyeyaandika.

Walinitazama kwa makini. Sikujua kwamba mimi ndiye ningepaswa kulisikiliza zaidi somo lile.

Wiki zilizofuata nilisoma mengine. Nilikuja kufahamu kwamba katika studio ya Charlie Chaplin, mchekeshaji mwingine wa filamu za kimya, alikuwamo mchoraji kiziwi, Granville Redmond, ambaye Chaplin alimpa chumba cha kuchorea na akamwigizisha katika filamu zake. Yeye ndiye mchongaji wa sanamu katika City Lights ya mwaka 1931. Nilichapisha picha yake nikaibandika darasani. "Alikuwamo kiziwi mle ndani?" wakauliza, na kwa siku kadhaa kila mgeni aliyepita aliburutwa kwenda kuonyeshwa. Nikawaeleza pia jinsi mambo yalivyobadilika: mwaka 1927 ikaja filamu ya The Jazz Singer na waigizaji wenye sauti, maandishi ya kati yakatoweka hatua kwa hatua, na viziwi waliokuwa wamekaa viti sawa na watu wengine wakajikuta nje. Emerson Romero, kiziwi aliyewahi kuigiza katika filamu za kimya, alianza mwaka 1947 kununua filamu na kuzipachika maandishi kwa mikono yake ili wenzake waweze kuzifuata. Kishimo cha shavu akauliza ni miaka mingapi hapo katikati. Nikamwandikia ubaoni: ishirini. Akaitazama namba ile muda mrefu.

Tukaanza mchezo wa mahafali. Sikuleta maandishi. Niliwaambia watafute wao, na wakakubaliana haraka kuliko nilivyotarajia: mtoto kiziwi anafunga shule, yuko stendi, basi lake linaondoka saa moja jioni, mshale kwenye 7. Makonda wanaita kwa sauti majina ya miji. Yeye hasikii. Anawauliza watu saba basi lipi ni lake. Wa kwanza, konda, anamkazania mdomo karibu na uso. Polisi anamwonyesha kituo cha polisi. Bibi mwenye kikapu anadhani anaomba, anampa shilingi mia. Haya yote yalikuwa yamewakuta. Hawakutunga hata moja, walichagua tu. Wa saba ni muuza machungwa ambaye naye ni kiziwi, na anamjibu papo hapo, lakini basi limeshaanza kuondoka na lazima alikimbilie.

Bwalo letu liko juu kidogo na uwanja uko chini, kuna mteremko wa majani kati yake. Mbio tuliziweka hapo. Siku moja ya mazoezi kijana wa kovu alikuwa anateremka kwa kasi, mimi nimesimama uwanjani nikihesabu hatua zake. Mtoto wa darasa la pili aliyekuwa anatoka kisimani alikuwa ameacha dumu la njano, la lita ishirini, tupu, pale ukingoni. Likaanguka. Likaanza kumfuata.

Dumu halibiringiki kama jiwe. Lina pembe, linadunda kushoto unapotarajia kulia, linasita, linaruka tena. Na kijana hakulisikia. Alikuwa anakimbia kwa bidii yake yote, ametazama mbele, na dumu liko mita mbili nyuma yake linamwandama. Niliinua mikono juu kusimamisha mazoezi. Niliudhika, tulikuwa na siku chache na nilitaka hatua ziwe sawa. Nilishaanza kumwelekea yule mdogo kumkanya.

Kishimo cha shavu akanishika mkono wa shati. Hakusema kitu. Alinigeuza tu niwatazame waliokuwa wameketi pembeni. Watoto kama thelathini walikuwa wanacheka mpaka wengine wamelala kwenye majani, na mmoja alikuwa anaonyesha kisogo chake mwenyewe kwa kidole, tena na tena: nyuma, nyuma, mimi pia. Gari, ng'ombe, pikipiki, mwalimu mwenye hasira. Kila mmoja wao alikuwa na kitu kilichowahi kumjia nyuma bila yeye kujua. Hapo ndipo msichana yule aliponyoosha vidole vitatu mbele ya macho yangu, akafanya alama ya jiwe.

Nilikuwa nimewasimulia habari ile miezi miwili kabla, na dumu lilipoanguka nikawa wa kwanza kutaka kulitoa uwanjani.

Kwa wiki nzima hatukufanya kitu kingine ila madumu. Tulijaribu moja, tukajaribu kumi kwa pamoja. Kumi kwa pamoja hayakuchekesha, yalitisha tu. Walipanga wenyewe: linaanza dogo la lita tano, lipite karibu asilione, halafu mawili, halafu anainama kufunga kamba ya kiatu na moja linampita juu. Hilo la kiatu lilichukua mchana mzima, kwa sababu ukiinama mapema watu wanajua, ukichelewa linakugonga. Nilitaka kijana aonyeshe mshtuko usoni anapoyagundua. Wakakataa wote. Uso utulie, wakasema, miguu ndiyo ishtuke. Mama wa jikoni alitoa madumu yake yote na kuazima mengine kwa majirani, na siku ya mahafali yalifika ishirini na moja.

Wazazi walikaa uwanjani kwenye viti vya plastiki, wengi wao wanasikia, wengi hawajui alama zaidi ya kula, kulala na njoo. Sikusimama kando kutafsiri. Kwenye konda walicheka. Kwenye polisi walicheka. Kwenye bibi na shilingi mia nilisikia kicheko kikianza halafu kikikatika, na mama mmoja akajifunika mdomo kwa mtandio. Madumu yalipoanza kushuka kulikuwa na kelele ambazo sijawahi kuzisikia shuleni pale. Watu wazima walikuwa wanapiga ukelele "Nyuma! Nyuma yako!" kwa kijana asiyewasikia, wengine wamesimama na kuanza kupunga mikono.

Jioni, watu wanafunga mizigo, baba mmoja alinifuata. Mwanawe alikuwa ameigiza konda. Alikuwa amesafiri usiku kucha na kesho yake walikuwa wanaondoka pamoja. Aliniomba nimfundishe kuuliza saa ngapi. Nikamwonyesha: kidole juu ya kifundo cha mkono. Akafanya. Nikamwambia mtoto ndiye wa kumsahihisha, sio mimi. Akamgeukia mwanawe akafanya tena, mikono sawasawa, lakini uso umelala kama wa Keaton. Mtoto akatikisa kichwa. Akamsogelea baba yake, akaweka vidole gumba viwili juu ya nyusi zake, na akaanza kuziweka mahali pake.